Namba ya Marekani Mkononi mwa Mtu wa Ng'ong'ona: Msimbo Unamfikia Nani?

Jioni moja, katika duka la steshenari lililo upande wa Ng'ong'ona, karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, kijana mmoja aliniomba nimsaidie kufungua akaunti kwenye tovuti ya kigeni inayogawa kazi za kuandika na kutafsiri. Tovuti ilimtaka aweke namba ya simu ili itumiwe msimbo wa tarakimu sita, naye hakutaka kuweka laini yake. Alikuwa amesikia kwamba wateja wa nje hawampi kazi mtu mwenye namba inayoanza na +255, na zaidi ya hapo, laini hiyo ndiyo iliyobeba fedha zake zote. Mwenzake wa bwenini alikuwa amemwelekeza kwenye ukurasa unaotoa namba za Marekani bure. Tukaufungua. Kulikuwa na orodha ndefu ya namba, na kila namba ukiibofya unaziona meseji zake zote, zile za juu zikiwa zimeingia sekunde chache tu zilizopita: msimbo wa mtu anayefungua barua pepe, msimbo wa mtu anayejisajili kwenye mchezo wa kubahatisha, msimbo wa mtu anayebadilisha nywila yake. Karibu kila meseji ilimalizia kwa onyo lilelile, kwamba msimbo huu usimpe mtu yeyote, na onyo lenyewe lilikuwa wazi kwa yeyote duniani aliye na intaneti.

"Sasa kaka," kijana akaniuliza, "na wangu si watauona?"

Katika muda wote ambao nimekuwa nikiulizwa habari za namba hizi, hilo ndilo swali ambalo watu hulifikia mwisho, ilhali lingepaswa kutangulia. Linalotangulia kwa kawaida ni kama msimbo utafika. Nadhani mkanganyiko karibu wote unaozizunguka namba hizi unatokana na mtu kuuliza kama msimbo utafika leo, bila kuuliza namba hiyo itakuwa ya nani mwakani.

Tuanze na msimbo wenyewe, kwa sababu unathibitisha jambo dogo kuliko tunavyodhani. Unapouandika kwenye kisanduku, tovuti inajua kitu kimoja tu, kwamba mtu aliyekaa mbele ya skrini hii anaweza kusoma meseji zinazotumwa kwenye namba ile katika dakika hizi chache. Haijui jina lako, haijui uko nchi gani, wala haijui kama simu ni yako au umeiazima kwa jirani. Sisi Watanzania tunajisahau kwa urahisi katika hili kwa sababu kwetu namba ya simu imeshonwa pamoja na utambulisho wa mtu. Mei 2019 laini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA yenye tarakimu 20, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa njia hiyo zikaanza kuzimwa. Aliyesimama kwenye foleni za wakati ule hawezi kusahau. Ndiyo maana mtu wa hapa akiambiwa "thibitisha namba yako", anaelewa kwamba anaambiwa athibitishe yeye ni nani. Seva iliyoko ng'ambo haioni alama ya kidole chake. Kwa seva hiyo, namba ni sanduku la posta, na mwenye kufungua sanduku ndiye mwenye barua.

Mfano wa sanduku la posta unafaa zaidi ya inavyoonekana. Wengi wetu tuliosoma kabla ya simu kuenea tulipokea barua kupitia S.L.P. ya shule ya msingi, ya parokia au ya ofisi ya kata, na kila barua ilipitia mikono ya watu kadhaa kabla ya kutufikia. Mfumo huo ulifanya kazi kwa sababu barua nyingi zilikuwa salamu. Usingefaa kama kila barua ingekuwa na ufunguo wa nyumba ndani yake.

Na msimbo ni ufunguo, ingawa haukuzaliwa hivyo. Meseji ya kwanza ya simu ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 na mhandisi Neil Papworth, na maneno yake yalikuwa salamu za Krismasi. Meseji hizo zilibuniwa zibebe herufi 160, zipite kwenye mtandao wa simu bila kufungwa kwa siri yoyote kati ya mtumaji na mpokeaji, kwani hakuna aliyefikiri kwamba siku moja zingebeba funguo za benki. Kampuni za mtandaoni zilipoanza kuzitumia kuthibitisha wateja, zilivutwa na mambo mawili: karibu kila mtu ana simu, na kupata namba kuna gharama na usumbufu kidogo. Mtu anaweza kutengeneza barua pepe mia moja katika mchana mmoja, lakini laini mia moja zitamtoa jasho.

Hapo ndipo kazi mbili tofauti zilipochanganywa katika namba moja. Kazi ya kwanza ni ya mlinzi wa getini: anakuzuia usiingie na akaunti elfu za bandia. Kazi ya pili ni ya mtunza funguo: siku ukisahau nywila, ukibadilisha simu au ukishukiwa umeibiwa akaunti, tovuti itatuma msimbo kwenye namba ileile uliyoiandika siku ya kwanza, na atakayeupokea ndiye atakayefunguliwa. Anayekodi namba ya mtandaoni huwa anamfikiria mlinzi wa getini peke yake. Anataka apite, basi. Tovuti nayo, bila kumwambia kwa sauti, imeiweka namba ile kwenye msumari wa funguo.

Sasa namba yenyewe inafanyaje kazi? Namba pepe, kama nitakavyoiita hapa, ni namba halali ya simu ambayo haikupachikwa kwenye laini iliyo ndani ya simu yako. Kampuni ya mawasiliano huipangia programu iliyo kwenye seva. Meseji ikitumwa, husafiri kama kawaida hadi kwenye kampuni inayoimiliki namba, kisha badala ya kutafuta mnara ulio karibu na simu fulani, inakabidhiwa kwa seva, na seva inaionyesha kwenye programu, kwenye barua pepe au kwenye ukurasa wa tovuti. Ndiyo maana mtu aliye Ng'ong'ona anaweza kupokea meseji ya namba inayoanza na +1 bila simu yake kuwahi kugusa mtandao wa Marekani. Hakuna uchawi wala uharamu katika jambo hilo lenyewe. Kampuni kama Twilio, iliyoanzishwa mwaka 2008, zinauza namba za aina hii kwa biashara duniani kote, na namba nyingi za huduma kwa wateja unazopiga kila siku hupokelewa na programu inayogawa simu kwa wahudumu. Huduma ya Google Voice nayo, iliyoanza mwaka 2009, humpa mtu binafsi namba ya namna hiyo, lakini kwa walioko Marekani tu, jambo ambalo vijana wengi hapa hugundua baada ya kupoteza saa nzima.

Kinachotofautisha namba hizi ni nani mwingine anayezishika. Ile ya bure tuliyoiona steshenari ni S.L.P. ya kijiji kizima: hakuna mwenyewe, na kila mpita njia anasoma. Akaunti iliyofunguliwa kwa namba hiyo inaweza kuchukuliwa na mtu yeyote anayebofya "nimesahau nywila" na kusubiri msimbo ushuke kwenye ukurasa uleule. Ya pili ni ya kukodi kwa dakika chache. Unalipa senti kadhaa za dola, unachagua huduma unayotaka, unapokea msimbo mmoja, kisha namba inarudi ghalani kupewa mwingine. Ya tatu ni ya kukodi kwa mwezi au mwaka, ambayo ni yako peke yako mradi unalipa. Iko pia aina ya pekee kabisa, namba zinazoanza na +888 ambazo Telegram ilianza kuziruhusu Desemba 2022. Hazina nchi, hazina laini, na hazifanyi kazi nje ya Telegram. Zinawahusu wachache, nami nazitaja kwa sababu matapeli hupenda kuziuza kama "namba za kimataifa" zinazofungua kila kitu.

Aina ya pili, ile ya dakika chache, inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo inayotangazwa sana kwenye makundi ya Telegram na ndiyo inayoficha mengi. Tovuti kubwa zimejifunza kutambua namba za programu na kuzikataa, hivyo wauzaji wakahamia kwenye laini halisi. Wananunua au kukusanya maelfu ya laini, wanazipachika kwenye mashine zenye vitundu vingi vya laini, na kompyuta inasoma meseji za zote kwa pamoja. Oktoba 2025, polisi wa nchi kadhaa za Ulaya wakisaidiwa na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, walivunja mtandao mmoja wa namna hiyo nchini Latvia. Walikamata mashine 1,200 zilizokuwa zikiendesha laini 40,000, na kwa mujibu wa Europol, namba zilizokodishwa kupitia mtandao huo, zilizosajiliwa kwa watu wa nchi zaidi ya 80, zilikuwa zimetumika kufungua akaunti zaidi ya milioni 49. Ukikodi namba ya dakika kumi, unaweza kuwa umeingia kwenye foleni moja na watu wa aina hiyo, na namba uliyopewa inaweza kuwa imeandikwa kwa jina la mtu ambaye hajui kama ipo.

Hilo lina sura yake ya nyumbani. Sote tunamjua wakala wa mezani, chini ya mwamvuli, anayemwambia mteja "weka tena kidole, mtandao umesumbua". Mara nyingi mtandao umesumbua kweli. Lakini wapo wasio waaminifu ambao kidole cha pili kinawasajilia laini ya pili, na laini hiyo ndiyo itakayokuja kutuma ile meseji maarufu ya "ile hela itume kwenye namba hii". Mamlaka ya Mawasiliano imeweka njia ya kujikagua: ukipiga *106# unaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na meseji za kitapeli hutumwa kwenda 15040. Kwa hiyo ukiona mtu anauza namba ya +255 ya kupokelea msimbo, jiulize kidole kilichoisajili ni cha nani. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka laini isajiliwe, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Kuwa na namba ya kigeni ya kukodi si kosa kwa sababu hiyo tu. Kinachoweza kumfikisha mtu pabaya ni anachokifanya nayo, au kukuta kwamba laini aliyoitumia iliwahi kutumika kwenye uhalifu.

Nirudi kwenye swali ambalo watu hulipenda: kwa nini wakati mwingine msimbo haufiki? Kabla ya kutuma, tovuti nyingi huuliza hifadhidata za mawasiliano kama namba ni ya simu ya mkononi, ya mezani au ya programu, na zile za programu hukataliwa papo hapo kwa maneno kama "namba hii haikubaliki". Wakati mwingine namba inakubalika, ila ilishatumiwa na watu kumi kabla yako na tovuti imeifunga. Wakati mwingine meseji hutumwa kutoka namba fupi ya tarakimu tano au sita ambayo kwa kawaida hufanya kazi ndani ya nchi moja tu, na mara nyingi haifiki kwenye namba ya programu. Na zipo sababu za fedha: kila msimbo unailipisha kampuni inayoutuma, na matapeli wamegundua kwamba wakizilazimisha tovuti kutuma misimbo kwa wingi kwenye namba fulani, wanagawana ada na kampuni za simu zisizo waaminifu. Februari 2023 Twitter ilitangaza kwamba ulinzi wa kuingia kwa msimbo wa meseji ungebaki kwa wanaolipia peke yao kuanzia Machi 20, na moja ya sababu zilizotajwa ilikuwa gharama ya meseji hizo za kilaghai. Kwa hiyo mtu anayebofya "tuma tena" mara nane, kama nilivyomwona dada mmoja akifanya, anaweza kujifungia mwenyewe kwa saa 24 bila namba kuwa na tatizo lolote.

Hapa niondoe mchanganyiko mmoja unaojirudia. Kuna laini isiyoshikika kwa mkono, iliyo ndani ya simu, ambayo mara nyingi unaiwasha kwa kuskani picha ya QR. Watu huiita eSIM. Hiyo si namba pepe. Ni laini kamili, inayosajiliwa kama nyingine, inayoshika mnara kama nyingine. Tofauti yake ni kwamba kipande cha plastiki hakipo. Anayeuza namba ya kukodi akikwambia "hii ni eSIM", mwombe maelezo ya kuiwasha kwenye simu yako. Kama hana, anakuuzia kitu kingine.

Nina somo langu mwenyewe katika jambo hili, nami sioni haya kulisema. Miaka kadhaa iliyopita nilifungua akaunti ya kazi kwa namba ya kigeni niliyoikodi kwa mwezi mmoja. Msimbo ulifika ndani ya sekunde tano, nikajipongeza. Nilifanya kazi kwa akaunti hiyo zaidi ya mwaka bila kuulizwa chochote, na namba niliacha kuilipia kwa sababu sikuona kazi yake. Kisha simu yangu ikaanguka kwenye ndoo ya maji nikiwa Chang'ombe kwa shangazi, nikanunua nyingine, nikaandika nywila yangu, na tovuti ikasema kwa upole kwamba haikitambui kifaa hiki, hivyo imetuma msimbo kwenye namba inayoishia na 41. Nilikaa nikiitazama hiyo 41. Niliandika barua kwa wahudumu wao, nikatuma nakala ya kitambulisho, na jibu likaja kwamba mwenye akaunti ni mwenye namba. Kwa upande wao walikuwa sahihi kabisa. Kulikuwa na malipo ya kazi mbili ndani, na kilichoniuma zaidi ya fedha ni maoni ya wateja ya mwaka mzima, ambayo hayahamishiki kwenda akaunti mpya.

Sisemi kwamba laini halisi haina kasoro hiyo. Laini yako isipotumika kwa muda mrefu, kampuni ya simu huirudisha sokoni, na aliyewahi kununua laini mpya akaanza kupokea simu za watu wanaomdai mtu asiyemjua anaelewa vizuri. Mwenye namba mpya anaweza kuomba msimbo wa WhatsApp ya mwenye namba wa zamani na akaupata. Vilevile mtu anaweza kuhamishiwa laini yake bila ridhaa: Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyohiyo, ilitekwa baada ya namba yake ya simu kuangukia mikononi mwa wahuni. Na hata pale mteja asipokosea lolote, kampuni iliyo katikati inaweza kuvunjiwa. Agosti 2022 wadukuzi walipoingia kwenye mifumo ya Twilio, ambayo ilikuwa ikiisaidia Signal, programu ya kutumiana meseji, kutuma misimbo, takribani watumiaji 1,900 wa Signal waliwekwa hatarini. Tofauti ni kwamba laini iliyosajiliwa kwa kidole chako ikipotea, unakwenda dukani na kitambulisho, unairudisha siku hiyohiyo. Namba ya kukodi haina duka la kwendea.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu wanazitaka? Kwa sababu haja yao ni ya kweli. Mama anayeuza mikufu au mvinyo wa zabibu kupitia Instagram hataki namba yake ya nyumbani ipigwe usiku na watu asiowajua. Mwandishi wa habari anahitaji kutenganisha vyanzo vyake na familia yake. Mfanyakazi wa serikali aliyehamia Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na ofisi yake anataka akaunti za kazi zisichanganyike na za ukoo. Mwenye biashara ndogo anataka namba ambayo vijana wake watatu wanaweza kuipokea kwa zamu, na hapo namba pepe ya kulipia kwa mwaka, kutoka kampuni inayojulikana, kwa jina la biashara, ndiyo jibu lenyewe. Hao wote wanatafuta faragha au mpangilio, na ni haki yao. Ninachobisha ni dawa wanayopewa. Kuficha namba yako kwa kutumia namba ya mtu mwingine ni sawa na kuficha ufunguo wako kwa kutumia kufuli la jirani.

Kwa mtu wa kawaida wa Dodoma, dawa iliyo rahisi iko mfukoni tayari. Simu nyingi zinazouzwa hapa zina nafasi ya laini mbili. Laini ya pili, iliyosajiliwa kwa jina lako, isiyounganishwa na fedha na isiyotolewa kwa watu, inamridhisha mlinzi wa getini na inabaki kwenye msumari wako wa funguo. Inahitaji kuwekewa vocha ndogo na kutumika mara kwa mara ili isirudishwe sokoni, na hilo ndilo gharama yake yote. Kama hofu yako ni kuonekana kwa namba, Telegram ina mpangilio wa kuificha, na Signal tangu Februari 2024 inakuwezesha kuwasiliana kwa jina la mtumiaji badala ya namba. Kama unataka biashara iwe na WhatsApp Business kwa simu ya mezani ya ofisi, inawezekana pia, kwa kuwa msimbo unaweza kusomwa kwa sauti kwa njia ya kupigiwa.

La muhimu zaidi ni kuiondolea namba kazi ya ufunguo mara tu unapokwisha kuingia. Tovuti nyingi zinakuruhusu kutumia programu ya kutengeneza misimbo, ambayo hukaa kwenye simu yako na kutoa tarakimu sita mpya kila sekunde 30 kwa kanuni iliyochapishwa mwaka 2011. Uzuri wake ni kwamba haihitaji meseji wala mtandao. Simu na tovuti walishapeana siri moja siku ya kwanza, na kila upande unapiga hesabu yake kwa kufuata saa. Nimewahi kuitumia nikiwa njiani kwenda Kondoa, pahali ambapo simu haikuwa na mnara hata mmoja, nikiingia kwenye kompyuta iliyokuwa imeunganishwa kwa njia nyingine. WhatsApp nayo ina namba ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe, na ukiiweka, anayepata namba yako ya simu bado atakwama mlangoni. Ziko pia funguo mpya zinazotumia alama ya kidole au uso kwenye simu yenyewe bila kutuma msimbo wowote, ambazo Google, Apple na Microsoft walianza kuzisukuma kwa pamoja mwaka 2022. Tovuti za kazi ndogondogo bado hazijazipokea zote, lakini zikiwepo, zitumie.

Kuna pahali ambapo mjadala wote huu haugusi. Akaunti za fedha za simu, benki na huduma za serikali zimefungwa kwenye laini iliyosajiliwa kwa NIDA, na namba ya kigeni haitakufikisha popote. Anayekuahidi vinginevyo anataka nywila zako.

Yule kijana wa Ng'ong'ona mwishowe aliweka laini yake ya pili, ambayo alikuwa nayo kwenye pochi akiitumia kwa vifurushi vya intaneti vya usiku. Msimbo ulichukua kama dakika moja, tukadhani umepotea, kisha ukaingia. Ile hofu ya +255 ilimtoka alipoona ukurasa wake wa wasifu: namba haikuonekana kwa wateja hata kidogo, ila jina la nchi lilionekana, kwa sababu tovuti ilikuwa imeshamtaka kitambulisho na njia ya kulipwa, na hivyo viwili havikodishwi kwa dakika kumi. Tukawasha programu ya misimbo. Tovuti ikampa misimbo kumi ya akiba ya kutumia siku akipoteza simu. Alitaka kuipiga picha kwa simu hiyohiyo, nikamzuia. Mwenye duka akaichapa kwenye karatasi kwa shilingi mia mbili, naye akaikunja na kuiweka kwenye bahasha moja na cheti chake cha kidato cha sita.